Vitanda Vinne vya Bei Nusu

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mbele ya Nduku, mke wangu, na ninausimulia leo kwa sababu ameenda kwa dada yake na hatarudi mpaka Jumamosi. Msinicheke kabla sijamaliza. Mkimaliza kusikia, chekeni mkitaka, ingawa sidhani mtataka, maana mimi mwenyewe nimejaribu kucheka kwa miaka mingi na imenishinda.

Wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa karani wa ghala la pamba na tulikaa Makindu, mimi, Nduku na binti yetu Mwende aliyekuwa na miaka sita. Mama mkwe alikaa kwao Kwa Vonza. Alikuwa mjane wa vita. Mumewe alichukuliwa na jeshi la Wazungu, akapandishwa treni, akapelekwa Mombasa, akatiwa melini na wenzake wengi, na meli ile ikazama huko mbele kwenye maji kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Barua ilikuja. Mwili haukuja. Na mama mkwe, ambaye alikuwa mama wa kanisa na hakukosa maziko hata moja pale kijijini, alikuwa na neno moja lililomkaa rohoni, kwamba watu wake wote waliokufa aliwatupia udongo kaburini kwa mkono wake, isipokuwa mumewe.

Basi siku moja akamwambia Nduku (mimi hakuniambia, mtaelewa kwa nini) kwamba macho yake yanaanza kufifia, na kabla hayajazima anataka afike kwenye maji yenye kina, sio pwani ambapo watoto wanaogelea, afike kwenye kina na atupe udongo wa shamba lao. Alikuwa ameshautayarisha. Aliuweka kwenye mkebe wa kakao, akaufunga kwa kitambaa.

Nduku aliponiletea habari hiyo niliguswa kweli, na nilipoguswa nikafanya kile ninachokijua, nikaandika barua. Nimekuwa mtu wa karatasi maisha yangu yote. Kulikuwa na meli iliyokuwa ikichukua abiria Mombasa kwenda Lamu na kurudi, siku tatu, usiku mbili, na maajenti walikuwa wakiuza tikiti zake kila mmoja kwa punguzo lake. Niliwaandikia watatu. Wote wakajibu, na jioni moja nikazitandaza barua zote tatu mezani, nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikajiona mtu mkubwa.

Ajenti wa kwanza alitaka kikundi cha watu kumi ndipo apunguze. Nikazunguka kanisani wiki mbili nikitafuta watu kumi wa kwenda baharini, nikapata watatu, na mmoja wao alidhani ni bure. Wa pili alipunguza kidogo tu, mtoto alipe nusu, na wanaume walale upande wao na wanawake upande wao. Hiyo nikaicheka (nakumbuka nilimwambia Nduku kwamba sasa wanatupeleka bweni la shule). Wa tatu ndiye aliyeniua. Alikuwa na tikiti ya familia, watu wanne kwa bei nusu, chumba kimoja, vitanda vinne, na chini kwa herufi ndogo, tikiti haibadilishwi na pesa hazirudishwi. Nikahesabu: mimi, Nduku, Mwende, mama. Wanne kamili. Nikaona ni kama Mungu mwenyewe ameipanga.

Nduku aliuliza swali moja tu, mama atalala wapi. Nikamjibu, "Kitandani. Viko vinne." Akanyamaza, nami nikadhani amenyamaza kwa kuridhika.

Sasa hapa ndipo lazima niwaeleze jambo ambalo Mkamba yeyote anayesikiliza ameshaliona na ananihurumia. Kwetu kuna nthoni, ile heshima ya aibu kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamkai kiti kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na kulala chini ya dari moja ndilo kabisa halitajwi. Mtaniuliza kama sikuijua. Niliijua kuliko ninavyojua jina langu. Kila mama mkwe alipokuja Makindu mimi nilibeba blanketi langu nikaenda kulala kwa jirani, miaka minane, na sikuhitaji kukumbushwa na mtu. Lakini hayo yote niliyafanya kwa miguu, sikuyafanya kwa kichwa. Kwenye karatasi mama mkwe alikuwa mtu mzima mmoja, kitanda kimoja, bei nusu. Nikatia sahihi.

Na kwa vile sijui kufanya jambo dogo likabaki dogo, nikalitangaza. Kanisani nikasimama wakati wa matangazo nikaeleza safari yetu na punguzo nililopata, mchungaji akatuombea, na jioni ya kuondoka nusu ya kanisa ilikuja stesheni ya Makindu kutusindikiza kwa nyimbo. Mama mkwe alisimama kando amevaa leso mpya, mkebe mkononi. Alikuwa amesimama stesheni hiyo hiyo akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akiangalia treni ikiondoka na mumewe. Nilimwona akiangalia reli, nikaona fahari, nikajiambia wakwe kama mimi ni wachache.

Kwenye treni tulikaa daraja la tatu, kwenye mabenchi, yeye na Nduku na mtoto mwisho kabisa wa behewa, wamenipa mgongo. Hata hapo sikushtuka. Niliona ni adabu tu, nikasinzia vizuri.

Mombasa tulifika asubuhi, tukapanda ngazi ya meli pamoja na watu wengi waliobeba masanduku na vikapu. Kijana wa meli, mwenye shati jeupe na maneno ya heshima, akachukua begi langu akatangulia kwenye ujia mwembamba, akafungua mlango, akaweka begi juu ya kitanda cha chini upande wa kushoto. Vitanda viwili huku, viwili kule, na katikati nafasi ya mtu kusimama upande. Mama mkwe alichungulia. Akaona begi langu. Akaona kitanda cha pili kilichobaki chini, mkono mmoja kutoka changu.

Alijifunika leso kichwani mpaka usoni, akageuka, akakaa chini pale pale kwenye ujia akiwa ametazama ukuta, mkebe kwenye mapaja. Nyuma yetu abiria walikuwa wamejaa na mizigo, hakuna awezaye kupita, na watu wakaanza kuuliza kuna nini mbele.

Nduku alinitazama, na wakati huo ndipo kichwa changu kilipokuta kile ambacho miguu yangu ilikijua siku zote. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulisema ni vitanda vinne. Hukusema ni chumba kimoja."

Nikamvuta yule kijana pembeni. Nikamwambia mimi nitalala nje juu ya meli, hata kwenye mvua. Akasema huko ni kwa wenye tikiti za huko na kumejaa. Nikaomba kununua kitanda kingine popote. Vimekwisha, akasema, na isitoshe tikiti ya punguzo haigawanywi. Watu nyuma wakazidi kulalamika, mmoja akauliza kwa sauti kama huyo mama ameanguka.

Hilo neno "ameanguka" likaniingia kama ufunguo. Nikafikiri, meli kubwa namna hii haiwezi kukosa chumba cha wagonjwa, na mgonjwa hulala peke yake. Nikamwambia yule kijana, "Mama ni mgonjwa. Ana presha. Anahitaji chumba cha wagonjwa." Ndugu zangu, kama kuna sentensi moja ambayo ningeweza kuirudisha kinywani ni hiyo.

Uso wa kijana ukabadilika, akakimbia, na kabla sijameza mate akarudi na daktari wa bandari. Daktari akachuchumaa, akamshika mama mkwe mkono, akakuta mapigo yanakwenda mbio (yasiende mbio namna gani, ameonyeshwa kitanda kando ya cha mkwe wake mbele ya umati). Akamuuliza anajisikiaje. Mama mkwe Kiswahili hakikuwa chake, kwa hiyo daktari akanigeukia mimi nitafsiri. Mimi siwezi kusema naye ana kwa ana, kwa hiyo nikamwambia Nduku amuulize, Nduku akamuuliza, na mama mkwe akajibu ukuta kwa Kikamba kwamba yeye ni mzima kabisa, anachotaka kujua ni huyo mwanamume atalala wapi.

Daktari akaningojea. Nikasema, "Anasema kifua kinambana."

Nduku alifumba macho. Daktari akasimama, akasema kwa upole kabisa kwamba mtu wa moyo hawezi kupelekwa usiku mbili baharini bila hospitali, na kwamba hatasafiri. Nikaanza kusema labda si kifua sana, labda ni uchovu wa treni, lakini kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo daktari alivyozidi kuniona mtoto mwema anayejikaza. Akanipiga bega akasema, "Pole, bwana. Umefanya vizuri kusema mapema." Machela ikaletwa. Mama mkwe wangu, mzima kama mimi na nyinyi, akalazwa kwenye machela, akashushwa ngazi na wanaume wanne mbele ya abiria wote, na watu wakavua kofia wakisema pole mama, pole mama, na yeye amefunikwa leso usoni, mikono miwili imeshika mkebe wa kakao. Mimi nilifuata nyuma na begi. Mwende alikuwa akilia akiuliza nyanya anakufa saa ngapi.

Waliobeba machela wakaiweka kivulini, wakatuambia gari la wagonjwa linakuja. Meli ikapiga honi. Ngazi ikavutwa. Na ilipoanza kuachana na gati mama mkwe aliondoa leso usoni, akainuka kwenye machela, akasimama kwa miguu yake akiitazama inavyokwenda mpaka watu wa juu hawakutofautishwa. Wale wabebaji walibaki midomo wazi.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Nduku, muulize mume wako. Sisi watatu tungeenda, yeye angebaki hapa kutungoja. Hilo lilikuwa gumu?"

Nduku hakuniuliza. Hakukuwa na haja, nilikuwa nimesikia. Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Niliwaza kulala juu ya meli, niliwaza kununua kitanda, niliwaza mpaka uongo, na hata mara moja sikuwaza kwamba wa kushuka ni mimi. Nilikuwa nimelipia kitanda changu.

Nikiwa nimechanganyikiwa nikamwambia Nduku amwombe mama autupe udongo pale pale gatini, maana maji ni yale yale. Nduku akamwambia. Mama mkwe aliyatazama maji yenye mafuta na maganda ya machungwa, akatikisa kichwa. "Hapa alikuwa bado mzima," akasema.

Tukaondoka kabla gari la wagonjwa halijafika, tukarudi na treni iliyofuata. Makindu walituona tukishuka siku mbili kabla ya wakati, na mimi nikasema mambo ya meli yalikuwa mafupi kuliko tulivyodhani, nikaingia ndani nikafunga mlango. Jumapili mama mkwe alikuwa bado kwetu (mimi nililala kwa jirani), na mchungaji akamwomba asimame atoe ushuhuda wa safari. Nilikaa upande wa wanaume nikitazama viatu vyangu, nikingojea kanisa zima lisikie habari za machela. Nilistahili. Mama mkwe akasimama polepole. Akasema, "Maji ni mengi kuliko nilivyofikiri. Mkwe wangu alinifikisha." Akakaa.

Hakusema uongo hata neno moja, na hakunitaja tena mahali popote mpaka mwisho wa maisha yake. Heshima niliyoivunja mimi, yeye aliishika kwa ajili yetu wawili. Nililia mle kanisani, na watu walidhani ni Roho.

Nilianza kuweka akiba upya, bei kamili, chumba cha wanawake watupu. Nilipomwandikia ajenti wa pili mwaka uliofuata alinijibu kwamba meli ile haichukui abiria tena. Nikatafuta nyingine, na katika kutafuta macho ya mama mkwe yakazima, na msimu mmoja baada ya hapo naye akafuata.

Tulimzika Kwa Vonza, shambani kwao. Ilipofika zamu ya wakwe kutupa udongo, Nduku akanipa ule mkebe wa kakao. Nikafungua kitambaa, nikachota, nikamtupia udongo uliokwenda Mombasa ukarudi, mara moja, mara mbili. Nilipoingiza mkono mara ya tatu Nduku akanishika kifundo.

"Bakisha," akasema. "Huo ni wa baba."

Mkebe uko juu ya kabati letu mpaka leo. Nimestaafu, Mwende ana watoto, na mjukuu mmoja amesikia kwamba kuna boti Mombasa zinazopeleka watu kwenye kina, akaniletea karatasi yenye punguzo la wazee. Nimeichana. Nduku na Mwende watakwenda na mkebe wao, kwa bei kamili. Mimi nitawapeleka mpaka gatini, nitashika mikoba yao, na nitabaki pale pale nikiwangoja.