Bangili ya Uwimana

Sokoni Kasulu, Niyongabo anaitwa Fundi Kioo, na jina hilo hakulipata kwa kumbembeleza mtu. Pete iliyopauka, kengele ya kanisa, bangili ya bibi harusi, hata mdomo wa ekzosi ya pikipiki ya kijana mwenye majivuno: mpelekee asubuhi, jioni unajitazama humo ukachana nywele. Kifaa chake ni mashine ndogo ya umeme inayoenea kiganjani, na mbele yake huzunguka kigurudumu cha kitambaa, kidogo kama kifuniko cha soda. Ukikiona utakidharau. Niyongabo naye alikidharau, na kovu la dole gumba lake la kushoto ndiyo faida aliyoipata.

Siku alipolipata kovu hilo alikuwa anang'arisha mkufu ukiwa unaning'inia ovyo. Kigurudumu kikaudaka, mkufu ukamzunguka dole na kumchana. Mkewe Uwimana, aliyekuwa akiuza mawese meza ya pili, alikuja mbio, akararua pindo la kitenge chake na kumfunga, huku akimsema mbele ya wateja bila kumwonea haya.

"Mkono huu ndio unatulisha, na weye unaufanyia mchezo!"

Tangu hapo Niyongabo akawa na masharti kuliko mganga. Miwani usoni, na kitambaa puani, maana vumbi la shaba halifai kuvutwa. Nywele zifungwe. Kitenge kivuliwe, glavu zisivaliwe, kwa kuwa uzi mmoja ukidakwa, kidole kinafuata. Mkufu ubanwe kwenye ubao, bangili ivishwe kijiti. Usikandamize, gusa tu. Chuma kikipata moto, pumzika. Na kigurudumu, au kiburashi cha duara cha kuingia mianyani, kikishakula uchafu wa kazi moja kitupwe, kisije kikaichora kazi nyingine. Yote hayo alimfundisha binti yao wa pekee, Ange, mpaka msichana akawa anayasema usingizini.

Kitu kimoja tu hakikupita kwenye mashine ile: bangili ya Uwimana mwenyewe. Ilikuwa ya nyaya za shaba zilizosukwa, aliyovishwa na mama yake wakati familia ilipovuka mpaka kutoka Burundi. Ilikuwa nyeusi tii.

"Watu watasema mke wa Fundi Kioo anavaa masizi," Niyongabo alikuwa akimtania.

"Waseme. Mimi si kengele ya kanisa."

Mvua za mwaka jana zilipoanza, Uwimana aliumwa kichwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama alikuwa maiti. Presha, walisema hospitalini. Bangili ilivuliwa, ikabaki kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati.

Hapo ndipo Niyongabo alipoanza kufanya jambo ambalo angekufa kwa aibu kama lingejulikana. Kila alfajiri, Ange akiwa bado amelala, alifungua kopo lile, akaisogeza bangili puani na kufumba macho. Katikati ya zile nyaya mlikuwa na mawese ya miaka yote, na moshi wa kuni, na jasho la mkono wa Uwimana. Nguo zake zilikuwa zimegawiwa, shuka zimefuliwa. Harufu yake ilibaki humo tu, duniani kote. Fundi mzima anayekula kwa kuondoa uchafu, na uchafu huo ndio uliomfanya aweze kuamka.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikabidi ipangwe siku ya kuganduka, ndiyo kuvua msiba, ukoo ukae pamoja, wanywe, vitu vya marehemu vipewe wenyewe. Bangili, kwa desturi yao, ilikuwa ya Ange. Niyongabo hakuwa na neno la kupinga desturi, wala hakuwa na nguvu za kuitoa. Basi akapanda gari hadi Kibondo, na kutoka hapo pikipiki hadi Murungu, kwa shemeji yake Niyonzima, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye angegawa. Alikaa kwenye kigoda, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akasema ukweli wote, hata habari za puani.

Niyonzima hakucheka. Alilia, akajifuta kwa kanga.

"Shemeji, ikae kwako. Ukifa ndipo mtoto aichukue. Ange nitasema naye mimi."

Niyongabo alirudi Kasulu akiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Njiani alinunua hata karanga.

Ange alimpokea mlangoni, macho yakimcheka. Alimshika mkono akamkalisha, kisha akamwekea kitu kiganjani, chekundu, kinang'aa kama kimetoka dukani leo.

"Ya kuganduka, baba. Sikutaka mama aonekane masikini mbele ya watu. Jitazame, unajiona."

Alijiona kweli. Aliona sura ya mzee imevunjikavunjika kwenye kila waya. Akaipeleka puani pale pale mbele ya binti yake, aibu imemwisha. Ilinukia dawa ya kung'arishia, basi.

"Ulivaa miwani?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hilo.

"Ego, baba. Na nywele nilifunga. Nikaivisha kijiti, nikatanguliza kile kiburashi cha duara kiingie katikati ya nyaya, ndipo nikaweka kitambaa. Sikukandamiza. Haikupata moto hata kidogo."

Moyo wa Niyongabo ulishika tumaini la mwisho.

"Na hicho kiburashi? Na kigurudumu?"

"Vilikuwa vichafu mno, vimejaa mafuta meusi. Nilivitumbukiza chooni." Akamtazama, kidogo kidogo furaha ikimtoka usoni. "Si ndivyo ulivyonifundisha? Baba, nimekosea?"

Niyongabo alimvuta mkono, akamvisha bangili ya mama yake. Ilimkaa barabara. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Ange, akidhani ni msiba ule ule wa siku zote, alimwegemea begani akaanza kulia naye.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, na kweli ilikuwa kazi nzuri.