Nusu Kichwa cha Mama

Msinidharau mkiniona na kitana changu mfukoni. Mke wa mkuu wa nchi nimemwinamisha shingo kwa mikono yangu hii, nikamwambia "tulia basi!", na akatulia. Mbele za watu namwita Mama, nina adabu zangu. Tukiwa wawili ni shoga yangu.

Nilianza kumsuka Mama wakati mumewe bado ni mwalimu tu wa hesabu. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, tunasengenya dunia nzima. Mume akapanda, akapanda, mpaka akafika juu kabisa. Nikasema haya, shoga ndiyo kaenda, atapata wasusi wa maana. Wapi! Gari jeusi likaja kusimama mbele ya kibanda changu cha mabati, dereva akasema Mama hataki mkono mwingine kichwani kwake.

Basi nikawa namsukia kwenye chumba chenye mapazia mazito, na bado anakaa chini vilevile. Bwana itifaki, mtu mrefu aliyejikaza tai utadhani anajinyonga, alinipa sharti: usiombe kitu. Nami sikuomba. Mama alikuwa na mfuko wake wa hisani, anagawa mabegi ya shule na viti vya magurudumu, anapigwa picha. Mambo mazuri hayo, sikatai. Ila mimi chumba cha uani nilikuwa na mdogo wangu, Kitinda, kitindamimba wetu.

Kitinda alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza akiwa mbali na hospitali. Alihangaika mno, mtoto akafa, na yeye akachanika ndani. Tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe, apende asipende. Mumewe akamrudisha kwetu kama ndoo iliyotoboka, mshenzi yule! Hospitali walituambia hiyo ni fistula, na inashoneka, lakini kwetu hakukuwa na daktari anayeijua kazi hiyo. Kitinda akajifungia. Msibani haendi, harusini haendi, chakula anakula peke yake. Niliumia, jamani. Nikimsikia anafua kabla wapangaji hawajaamka, roho inanikatika.

Siku hiyo nimefika katikati ya kichwa, Mama akauliza, "Hivi mdogo wako yuko wapi siku hizi, shoga?"

Nikasema moyoni, liwalo na liwe, nikamwaga yote, machozi yakimdondokea utosini. Mara mlango ukafunguliwa. Bwana itifaki huyo: "Mama, magari yako tayari. Wageni wanasubiri."

Mama akainuka, upande mmoja umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Bwana itifaki akameza mate.

"Mama, lakini kichwa..."

"Kichwa kiko juu ya shingo, nakijua. Nipe kilemba. Niombee radhi kwa wageni. Mimi naenda kwa Kitinda."

Kufika, Kitinda kasikia sauti ya mgeni, akatia komeo. "Msiingie! Nanuka!"

Mama akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nguo yake ya thamani vumbini. "Mdogo wangu, mimi nimezaa. Hakuna cha uzazi kitakachonifukuza hapa." Kisha akavua kilemba. "Chungulia uone nilivyokuja. Wa kuona aibu leo ni mimi."

Mara komeo likalia, mlango ukafunguka.

Upande uliobaki niliumalizia kesho yake, Mama akiwa kwenye kikao na kamati ya mfuko wake. Ndiyo, mbele yao, na mimi nasuka! Mzee mmoja wa kamati akakohoa akasema, "Mama, mabegi yanapendeza gazetini. Ugonjwa huu hauna picha nzuri."

"Basi msipige."

Ikaisha hapo. Akaletwa daktari bingwa, mwanamke wa makamo mwenye mikono midogo, aje kushona na kuwafundisha madaktari wetu. Wodi ikapata vitanda. Na wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja, wamejifunika. Kumbe vyumba vya uani vilikuwa vingi! Kitinda aliogopa, lakini alikuwa wa kwanza kupanda meza ya upasuaji.

Siku ya kumtoa mpira wa mkojo, daktari akamwambia, "Sasa kohoa, tuone kama mkojo unatoka." Kitinda akagoma. Aliogopa. Kama mshono haukushika, bora asijue.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hana mpiga picha wala nini. Akasema, "Mwacheni apumzike. Kitinda, nimekwambia kilichotokea garini tulipotoka kwako? Bwana itifaki alinisihi nisirudi na fedheha ile kichwani, akashika kitana mwenyewe. Na tai yake ile! Kanisuka fundo kama la tai hiyohiyo, dada yako kalifungua huku ananitukana."

Kitinda akaangua kicheko. Kikamtoka tu, hajakialika. Mara akakikata, uso ukambadilika, akapeleka mkono chini yake, kwenye shuka. Miaka yote ile alikuwa hacheki, maana kicheko ndicho kilichokuwa kinamwaibisha kuliko vyote.

Akautoa mkono, akautazama, akanionyesha.

"Dada. Mkavu."

Nikainuka nimkumbatie.

"Ngojeni," akasema. Akavuta pumzi, akacheka tena, makusudi, kwa nguvu zake zote.