Kioo Kwenye Ufa

Shule ilipofungwa nilikwenda Geita kwa kaka yangu. Alikuwa fundi wa kusimika magogo ya kuzuia mwamba usishuke ndani ya handaki la dhahabu. Mimi nikapewa kazi ya kutia mafuta taa zao, kazi niliyoipenda kwa kuwa haikunilazimu kusema na watu.

Karibu na mlango wa handaki, mahali mwanga wa jua bado unapofika, mwamba ulikuwa na ufa. Juu ya ufa walikuwa wamebandika kwa saruji kipande chembamba cha kioo, ncha moja huku, nyingine kule. Mwamba ukivimba au ukisogea kidogo tu, kioo kinavunjika. Shuleni mwalimu alituonyesha tufe la shaba: likiwa baridi linapita kwenye pete yake, likichomwa moto linakwama. Tangu siku ile najua kitu kinaweza kukua na macho yasione.

Asubuhi moja kioo sikukiona. Ufa mzima ulikuwa umesiribwa udongo wa kichuguu, laini kama ukuta wa nyumba ya mama.

"Kilipasuka jana jioni," kaka alisema, akiupapasa. "Nikaona niuzibe, maji yasije yakaingia. Nyumbani si ndivyo tunavyofanya?"

Katikati ya udongo huo palikuwa na mstari mpya.

"Kaka, mwamba unatembea," nilinong'ona.

Nyapara, msimamizi wetu, akanisikia. "Haya, msomi! Udongo ukikauka haupasuki? Nyumba ya mama yako imekwisha kukuangukia?"

Watu wakacheka. Mimi nikaogopa zaidi, maana alisema kweli. Udongo hupasuka wenyewe. Kioo kingetuambia, udongo haukutuambia kitu.

Kaka naye akaelewa. Akachukua mtaimbo, akagonga dari. Mlangoni mwamba ulilia kama jembe likigongwa, mzima. Juu ya ufa ukajibu kwa sauti nzito, kama kibuyu kitupu.

"Unalia hivyo tangu mvua zianze," nyapara akasema. Hata hivyo alikubali kioo kipya kibandikwe. Tukangoja saruji ishike, yeye akinung'unika. Mchana akakitazama. "Kizima. Ingieni."

Nikaachwa nje ya mlango, nikilinde kioo kwa macho. Kaka ndiye aliyetangulia ndani.

Ndipo niliposikia *ka!*, kama kijiti kikavu. Nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga maishani. Wakatoka mbio.

Kioo kilikuwa kizima.

"Msomi amesikia tumbo lake!" mmoja akasema, na vicheko vikaanza upya.

Kaka hakucheka. Alitega sikio kwenye gogo la mlangoni, akasikia mti ukilia kwa ndani. Kisha akazima taa yake, akaja kuketi kando yangu.

"Mimi siingii, bwana mkubwa."

"Basi kazi huna."

"Sawa."

Mlio ukarudi. Safari hii tuliusikia sote, na nusu ya kioo ikadondoka chini, mbele ya miguu ya nyapara.