Roboti Iliyovuka Bila Mzigo

Nilikuwa mtu mzima, ndevu tele, nilipoanza kucheza ile mashini ya Kamembe. Sioni haya kusema. Vita ya Kongo ilikuwa inawaka, bunduki za kweli tulizisikia kutoka Bukavu, na sisi huku Rwanda, ng'ambo ya mto, tulijazana mbele ya kioo tukipiga bunduki za taa. Afadhali zile, hazikuua muntu.

Mashini ilikuwa ya Maman mmoja muuza vitenge, aliyekimbia nayo kutoka Bukavu. Aliiweka nyuma ya duka. Unatia jetoni, ile sarafu ya mashini, unachagua roboti yako kubwa kama nyumba: miguu hii, mikono ile, bunduki unazotaka. Halafu picha inatembea kwenda kuume, nawe unapiga mpaka ufe. Wote tulikufia mahali pamoja, kwenye daraja la chuma lenye upepo na tundu katikati. Hakuna aliyevuka. Watu wakachoka, wakapungua.

Maman akasema, "Banashindwa bote. Kesho fundi wa masufuria anakuja kuibomoa, achukue chuma."

Masufuria! Niliumia, sitaficha. Tangu ile miaka mibaya ya kwetu, pale ndipo mahali pekee nilipokaa bila kugeuka kuangalia mlango. Nikamwambia, "Maman, nikivuka daraja, itabaki?"

"Vuka kwanza, Papa. Mdomo hauvuki."

Sasa lazima nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Nilikuwa mbeba magunia ya maharage pale mpakani, kwenye daraja la Rusizi. Shingo yangu hadi leo imelala upande. Mke wangu husema naonekana kama namsikiliza, kumbe ni maharage. Basi, sisi watu wa mpakani hatuvuki na nusu mzigo. Mpaka unaweza kufungwa kesho, kwa hiyo leo unabeba mpaka kamba inalia. Wamama wanavaa vitenge vinne, kimoja juu ya kingine. Na roboti zetu tulizitendea vilevile: palipobaki nafasi ya silaha, tulijaza. Mzinga begani, makombora mgongoni. Kisha tunashangaa upepo unashika mizigo na kutusukuma majini!

Usiku ule nikakumbuka: mara moja tu maishani nilivuka daraja letu mikono mitupu, siku ya kukimbia, ile miaka mibaya. Sijawahi kuvuka upesi vile.

Kesho yake fundi wa masufuria alikuwapo na nyundo yake. Nikatia jetoni. Nikatoa mzinga. Nikatoa makombora. Nikabakiza miguu minene na kibunduki kimoja.

Dereva mmoja wa teksi, aliyejiita bingwa wetu, akapasuka kucheka. "Mzee, roboti iko uchi! Unaenda kupiga ao kusalimia?"

"Kusalimia," nikamjibu. "Wewe kaa na mizigo yako."

Upepo ukaja. Roboti yangu ikainama, ikakanyaga, ikaruka pale penye tundu, ikatua ng'ambo. Watu walipiga kelele mpaka mwadhini wa jirani akachungulia.

Niliachia vifungo vya mashini. Nilijua naweza, lakini kujua na kuona ni viwili.

Maman akasogea. "Na kule mbele kuko nini?"

"Sijui, Maman. Hakuna aliyefika."

"Basi tembea! Unangoja viza?"

Nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia nyundo ikiwekwa chini, na fundi wa masufuria akiuliza kwa sauti ndogo jetoni zinapatikana wapi.