Mabomba Aliyoyaficha

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwashi, na mwashi wa kweli, si hawa wanaojenga ukuta leo kesho umeinama. Goti la kulia ndilo lililomsaliti. Daktari alipomwambia ngazi sasa basi, alilia kama mtoto, kisha akajiandikisha darasa la jioni la kompyuta. Huko alijifunza kuongoza jengo lisilo na tofali hata moja: modeli, yaani jengo zima ndani ya kompyuta, na nguzo zake, nondo zake, mabomba yake na nyaya zake. Wenzake wa mwiko wakambandika jina la Profesa. Walivunjika mbavu kwa kumcheka, naye akacheka nao, ingawa jina lenyewe lilimchoma.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye jengo la ghorofa sita, na ndiye aliyemwombea nafasi ofisini. Miezi mitatu ya majaribio, kisha barua ya ajira au kwaheri. Kazi ilikuwa kuhakikisha nguzo, umeme na maji havigombanii nafasi moja ukutani. Kompyuta inatoa orodha ya migongano, wachoraji wanarekebisha, Profesa anatia sahihi kibali, ndipo zege linamwagwa.

Zilikuwa zimebaki siku sita, na tangu mwezi wa mwisho uanze alikuwa halali vizuri wala hali akashiba.

Asubuhi hiyo, saa mbili na nusu, alifungua modeli ya ghorofa ya tatu huku chai ikiwa bado mkononi. Pembeni mwa kioo kuna orodha ya vitu vinavyoonekana na visivyoonekana. Mabomba ya maji taka hayakuwa na alama. Yalikuwa yamefichwa. Alikumbuka hapo hapo. Jana mchana kompyuta ilikuwa ikijikokota, akayaficha ili ipumue, kisha akaikagua ghorofa bila kuyarudisha. Migongano: sifuri. Alifurahi, akatia sahihi, akaenda zake nyumbani. Haraka zake hizo!

Akayarudisha mabomba, akakagua upya. Mgongano mmoja. Bomba kubwa la vyoo lilikuwa linapita katikati ya bimu, ule mhimili unaobeba sakafu nzima. Na zege linamwagwa saa tatu.

Tusidanganyane, alitaka kunyamaza. Kwenye ujenzi kuna dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni "tutatoboa baadaye." Lakini kutoboa bimu ni kukata nondo, na nondo yeye alizifunga kwa mikono yake miaka yote hiyo. Alijua ipi inabeba nini. Akapanda ngazi na goti lake bovu, akishika ukuta.

Juu watu kumi na wanne walikuwa tayari na koleo. Chini gari la zege lilikwisha fika, pipa lake likizunguka.

"Shemeji, simamisha."

"Nisimamishe nini? Gari hilo hapo chini."

"Kuna bomba linapita kwenye bimu. Nilikagua vibaya."

Shemeji akachomoa kibali mfukoni. "Na sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Jamani, Profesa kafeli mtihani!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko. Profesa alitamani ardhi impasukie, ila alikuwa ghorofa ya tatu.

Shemeji hakucheka. Akamvuta kando, akampa fomu ya kusimamisha kazi. "Hapa wanataka sababu. Andika mchoro wa mabomba umebadilika. Basi, yameisha. Nani atafukua?"

"Na yule binti anayechora mabomba?"

"Atafokewa kidogo, atasahau. Wewe umebakiza siku sita, shemeji. Dada yangu nitamwambia nini?"

Profesa akashika kalamu. Akaandika: Mchoro. Akaishia hapo. Alimfikiria yule binti, aliyemfundisha njia za mkato za kompyuta bila kumcheka hata siku moja. Aliona haya. Akalikata neno kwa mstari, akaandika chini yake: Nilikagua mabomba yakiwa yamefichwa. Kosa ni langu.

Gari likaondoka na zege lake, dereva akitukana njia nzima.

Mkuu wa mradi alikuwa mama asiyepandisha sauti kamwe, na hilo liliwatisha watu kuliko matusi. Aliisoma fomu, akaweka kidole juu ya neno lililokatwa.

"Hapa ulitaka kuandika nini?"

"Uongo, mama."

Akaiweka fomu mezani. "Ghorofa ya kwanza na ya pili ulizikagua vipi?"

Profesa akageukia kompyuta. Zile zimekwisha mwagwa, zimekauka, watu wanatembea juu yake. Hakuwa amezifikiria kabisa.

"Sikumbuki, mama."

Mkuu akavuta kiti, akaketi kando yake. "Fungua. Kila kitu kionekane."

Kompyuta ilijikokota. Ya kwanza: sifuri. Profesa akafungua inayofuata. Ya pili ilichukua dakika tisa. Mgongano mmoja. Bomba dogo la sinki, kwenye sakafu, mbali na bimu.

"Hapa panatoboleka," mkuu akasema, akasimama. "Ungeandika ule uongo, nisingeuliza. Bomba hili tungeligundua masinki yakiwa yameshafungwa."

"Na barua yangu, mama?"

"Sijui. Kwa siku sita hizi kila ukaguzi tutaukaa pamoja. Halafu nitaamua."

Alipotoka koridoni simu ikaita. Alikuwa mkewe, kaka yake alikwisha mweleza yote.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Wamekuajiri?"

"Bado."

Mkewe akasema polepole, "Mume wangu, mimi ningeandika mchoro umebadilika."

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo," akajibu.