Blanketi la Kompyuta

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya chombo cha umeme bado hunirudisha sebuleni kwetu Njombe, kwenye kompyuta ya Mama, ambayo ilikuwa imepitwa na wakati tangu siku tuliyoipata. Mama aliwachapia watu ratiba za harusi na nyimbo za kwaya ya usharika, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha. Mwaka ule mashine ikawa nzito, kisha ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi. Wateja wakaanza kuhamia kwa wachapaji wa stendi.

Mama akaenda Makambako, akarudi na kijipande cha memori cha kuipa mashine kasi, kakifunga kwenye leso, na maelekezo ya fundi kichwani. Tukailaza kompyuta mezani. Bibi, mama yake Baba, akiwa ameketi karibu na jiko la mkaa, alikataa katakata.

"Mnapasua tumbo hivihivi, bila hata kusali?"

Tukasali. Mama akashika bisibisi. Nilijua ikifa ndiyo basi tena.

Bati la ubavuni lilipotoka, tuliona feni imezongwa na nyuzi za sufu ya bluu. Bluu ile niliijua. Baridi ya Juni ya Njombe haina mzaha, jamani, na Bibi kwa huruma yake alikuwa akiifunika kompyuta blanketi lake hata ikiwa kazini, isije ikapata kichomi. Sote tuliona ni sawa tu.

"Kumbe ni bla..." nilianza.

"Neema, kaniletee chumvi," Mama akanikatiza.

Chumvi ya nini kwenye kompyuta? Nilikwenda jikoni nimenuna. Niliporudi, sufu haikuwepo, memori ilikuwa imekaa mahali pake, na Mama alikuwa akimwambia Bibi, "Ni vumbi tu, mama. Ila kuilaza jioni nakuachia wewe. Ikishazimwa, ikapoa, ndipo uifunike."

"Hilo niachie mimi," Bibi alisema, akajiweka sawa kwenye kigoda.

Mashine ikawaka, ikachapa bila kusita, na wateja wakarudi. Kila jioni Bibi aliweka kiganja juu yake, akasubiri ipoe, kisha akaifunika taratibu.

Ile chumvi iliniuma muda mrefu. Niliamini Mama alininyima sifa ya kugundua ugonjwa. Nimekuwa mkwe wa mtu ndipo nikaelewa: Mama aliuona kabla yangu. Alichokuwa akitafuta ni namna ya kuuondoa bila Bibi kujua kwamba ulitokana na upendo wake.