Chungu Nilichokiomba Radhi

Utoto wangu niliumalizia jikoni kwa bibi, pale Kasingirima, nikipuliza moto mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya mlevi. Bibi alikuwa fundi wa sombe, kisamvu cha kutwanga, na ya kwake haikuwa hii yenu ya nusu saa. Inabandikwa alfajiri, inateremka watu wameshasahau walikuwa na njaa. Kisamvu kisichoiva kinamtapisha mtu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumharakisha. Na mwiko wake ulikuwa mmoja: chungu hakiulizwi. Ukikiuliza kama kimeiva kinanuna, na kikishanuna, choma hata mlango na kitanda, hakiivi.

Siku hiyo walikuwa wanakuja watu wa Katubuka kumposa mama mdogo Zena. Mzuri alikuwa mzuri, sikatai, ila mdomo wake jamani. Unamwambia neno moja, anakurudishia kapu zima. Wachumba wawili walishakuja wakaondoka, mmoja akasahau hata kofia. Nyumba nzima tulikuwa roho mkononi, na huyu wa tatu naye akiondoka, basi tena. Bibi akashikilia mwoaji aje mwenyewe, asitume wazee tu. Mimi, miaka tisa, nikapewa moto.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia, maana mimi na yeye tulikuwa tunagombea babu, "kuni tia. Mdomo funga."

Mdomo wangu mimi? Mpaka leo sijui unafungwaje.

Wageni wakakaa barazani. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda kuswali, wakarudi, sombe bado. Tumbo langu linanguruma. Nikaangalia huku na huku, nikainamia chungu nikanong'ona, "We, hujaiva tu?"

Wallahi kilinyamaza. Kilikuwa kinatokota vizuri, kikanyamaza kimya. Leo najua kuni zilikuwa zimeungua zikaisha mimi nikiwaza tumbo. Siku ile nilijua nimeshaivunja ndoa ya mama mdogo. Na huko barazani baba mkubwa wake mwoaji ameanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu mwenye njaa na heshima zake.

Nikamfuata bibi nalia. Hakunipiga. "Umekiuliza, sasa nenda kakiombe radhi. Na magoti upige."

Nikapiga magoti kwenye majivu. Nikakiamkia kwanza, shikamoo chungu. Nikakiahidi kukisugua masizi kila Ijumaa. Nikakiambia mama mdogo akikosa mume atabaki humu humu, atatugombeza wote wawili, mimi na wewe. Kugeuka, mwoaji huyo hapo mlangoni. Rashidi. Kaja kuomba maji ya kudanganyia tumbo.

Hakucheka. Akauliza kuna nini, nikamweleza yote. Akavua kofia, akachuchumaa pembeni yangu, kanzu nyeupe ndani ya majivu, akakiambia chungu, "Na mimi nisamehe. Nimekuuliza toka saa sita, ila kimoyomoyo."

Nyuma ya ukuta kikatoka kicheko. Mama mdogo, aliyefichwa kule asionekane na wageni, kashindwa kujizuia. Halafu akasema, "Mwambieni huyo apulize moto, chungu hakipikwi kwa maneno."

Nikafumba macho. Nikajua huyo naye ndiyo anaondoka. Nilipofumbua, Rashidi alikuwa kalala kifudifudi anapuliza, masizi mpaka masikioni. Bibi kasimama mlangoni na chupa yake ya mawese, anamwangalia tu.

Sombe iliteremka alasiri. Baba mkubwa alikula na ugali wa muhogo mpaka akafungua vifungo, na posa ikapokelewa pale pale, mikono ikiwa bado ina mafuta.

Miaka ikapita, zamu yangu ya kuposwa ikafika. Bibi akaniita chemba. Kumbe siku ile chungu hakukibandika alfajiri, alikibandika saa nne asubuhi, makusudi.

"Akishiba kila mtu mpole," akasema. "Mimi nilitaka kumwona na njaa yake."

Nikamuuliza, na wale wawili wa kwanza?

"Walikiuliza chungu. Mmoja kwa sauti, mpaka jirani akasikia."

Nilicheka mpaka nikalia. Halafu, kwa ujanja wangu, wa kwangu mimi nikamkaribisha kwa chai na chapati, mambo ya haraka haraka. Mwaka haukuisha, kaenda zake. Chapati zenyewe alisema ngumu.

Siku hizi nina jiko la gesi na sufuria la kupiga filimbi. Watoto wa kaka yangu wanakuja na simu zao mkononi, shangazi bado, shangazi bado. Nawafukuza. Mama mdogo Zena bado anasema, Rashidi na mvi zake bado anapuliza moto. Na mimi sombe yangu naibandika chunguni, kwenye kuni, kule uani. Nakaa pembeni yake kimya, mimi niliyeshindwa kufunga mdomo maisha yangu yote, na sijakiuliza tena.